Matundu ya Bi Mwatime

Feni ilikuwa imewambwa mlangoni ndani ya turubai jekundu, ikivuta hewa ya ndani na kuitupa nje, na nyumba ndogo ya uani ilikuwa ikipiga miluzi. Naam, miluzi, na si ya chini chini. Ghalib alisimama kando ya sinki jipya, mikono mfukoni, akijitia hasikii. Kuria, mpimaji aliyekuja na feni hiyo kutoka mji wa Columbia, huko huko Maryland, alikuwa akisikia vizuri sana. Alikitazama kijisanduku chake cha tarakimu, akakigonga kwa ukucha, akakitazama tena.

"Woiye," alisema. "Hii nyumba imefeli. Na si kufeli kidogo."

Fathiya, mkewe Ghalib, alikuwa bado amevaa sare ya kazini. Mkononi alishika sahani ya mahamri, kwa maana mgeni akiingia kwake hata awe amekuja kukata stima hula kwanza. Kuria alikuwa ameshakula moja na la pili lilikuwa nusu, juu ya kisosi.

"Imefeli vipi?" Fathiya aliuliza. "Nyumba mpya! Rangi yenyewe haijakauka."

"Mama, si mambo ya upya. Sheria inasema feni ikivuta hivi, hewa ya ndani isibadilike zaidi ya mara tatu kwa saa. Yenu inabadilika mara nane. Winter ikifika mtakuwa mnapasha joto Silver Spring yote. Kuna mahali iko wazi, na ni mahali pakubwa."

"Na ukifeli ndiyo kusema nini?"

"Kusema hampati cheti. Bila cheti hakuna mtu anaruhusiwa kulala hapa."

Fathiya aliiweka sahani chini. Siku hiyo ilikuwa Jumanne. Ijumaa mamake, Bi Mwatime, alikuwa anatolewa katika kituo cha mazoezi ya viungo alikolazwa tangu alipoteleza kwenye ngazi za nyumba kubwa walimoishi wote na kuvunjika nyonga. Dada wa ustawi wa jamii wa pale kituoni alikuwa amesema wazi, kwa tabasamu lake zuri lisilobadilika: mama hapandi ngazi tena. Ama aende kwenye nyumba isiyo na ngazi, yenye cheti cha kukalika, ama atafutiwe kitanda katika nyumba ya wazee. Na kitanda kimoja kilikuwa kimeshapatikana, huko mbali, kusini kabisa mwa Virginia.

Na Fathiya hakuhitaji kuelezwa nyumba za wazee zikoje. Ndiko alikokuwa akifanya kazi. Aliwapenda wazee wake, aliwaogesha kwa mikono yake, aliwasuka waliotaka kusukwa. Lakini alijua jinsi kengele inavyolia mtu akiwa na kiu na yeye yuko chumba kingine, mikono imejaa, hawezi kuja. Alijua jinsi mtu anavyoacha kuibonyeza. Hakutaka mamake afike hapo. Alikuwa ameapa.

"Tafuta hilo tundu, bwana Kuria," alisema. "Tafuta tulizibe leo leo."

*

Kuria alitoa kijiti chenye moshi mwembamba, akaanza kukipitisha taratibu ukutani. Dirisha la sebuleni, moshi ulisimama wima. Pembe zote, salama. Chini ya sinki, salama. Ghalib alimfuata nyuma nyuma bila kusema neno, naye si mtu wa kukosa la kusema. Fathiya angekuwa ametulia angeligundua hilo mapema.

Waliingia chumbani, chumba ambacho kilikuwa kimetengenezwa kwa mapenzi, usifanye mchezo. Mlango mpana wa kupitisha kiti cha magurudumu, vyuma vya kushikilia, kitanda cha kimo cha goti. Juu ya kitanda, karibu na dari, palikuwa na ubao mrefu wa nakshi aliouchonga Ghalib mwenyewe katika karakana ya makabati kule Manassas alikoajiriwa. Kuria aliusogezea kijiti, na moshi ukamrudi usoni mpaka akakohoa.

"Ehe!"

Aliupandia kiti, akaubandua. Nyuma yake kulikuwa na safu ya matundu ya mviringo yaliyotoboa ukuta mzima hadi nje, yamepigwa msasa, yamewekewa wavu wa kuzuia wadudu. Mwanga wa uani ulipenya kwenye kila moja.

"Sasa hii si ufa," alisema Kuria kwa mshangao wa kweli. "Hii ni kazi ya fundi. Nani amefanya hii?"

Fathiya aligeuka polepole, akamtazama mumewe.

"Ghalib."

"Ni matundu ya hewa," Ghalib alisema. "Ya mama."

"Ya mama gani?"

"Mamako. Alinambia pale kituoni wamemfungia kama halua ndani ya mkebe. Akasema, 'Mwanangu, hicho chumba unachonijengea, kitie matundu juu, kama kwetu.' Nikampa ahadi."

"Ukampa ahadi!" Fathiya alipiga makofi mara moja. "Siku zote hizi wajaza pamba ukutani, wanambia nyumba haitapitisha hata uzi, kumbe umeitoboa mwenyewe, ukaficha kwa pambo! Wanificha mimi, Ghalib? Mimi na wewe tulikuwa wa kufichana?"

"Nilijua utakataa."

"Ningekataa! Ningekataa ndiyo, tungekuwa na cheti sasa hivi!"

Kuria alishuka kitini kimya kimya, kama mtu aliyeingia msibani kwa makosa, akaenda kuangalia feni yake ambayo haikuwa na haja ya kuangaliwa.

Msimcheke Ghalib. Alikulia Mombasa, katika nyumba ambayo juu ya kila dirisha kulikuwa na matundu, na aliyejenga bila matundu aliulizwa kama anajenga nyumba au kaburi. Amefanya kazi za mbao Marekani miaka mingi, amesoma sheria zao za joto na baridi, na kwa kichwa chake alizijua. Lakini mama mkwe alipomshika mkono wa shati akaomba hewa, kichwa kilinyamaza. Pale aliyemjibu ni mtoto wa Mombasa.

*

Ghalib alimfuata Kuria nje, kwenye gari.

"Bwana Kuria. Sisi sote ni wa nyumbani."

"Ni kweli."

"Nitayaziba usiku huu. Haki ya Mungu nitayaziba. Wewe andika tatu tu, utume. Hutakuwa umedanganya, utakuwa umetangulia kidogo."

Kuria alikuwa bado ameshika kisosi. Fathiya alikuwa amemsukumia amalizie chai. Alilitazama lile hamri la nusu, na Ghalib aliona wazi jinsi lilivyobadilika machoni mwake: dakika moja lilikuwa ukarimu, dakika inayofuata lilikuwa hongo. Kuria alikiweka kisosi juu ya boneti, taratibu.

"Usinifanyie hivyo, ndugu yangu," alisema. "Wateja wangu wazungu hawajawahi niambia hivyo. Ni watu wetu tu. Kila nyumba ya Mkenya nikiingia, nakula, halafu naombwa. Mpaka siku hizi naogopa kula."

Ghalib alitaka ardhi ipasuke. Yeye, mwana wa mtu, kusimama barabarani akisemwa kuwa amemnunua mtu kwa hamri!

"Sikukusudia hivyo."

"Najua hukukusudia. Hakuna mwenye hukusudia." Kuria alifungua mlango wa gari. "Na nikiandika uongo, mimi nitalala kwangu na joto langu. Baridi itamshika nani? Huyo mama. Ziba. Alhamisi nitakuja, sitakulipisha tena. Ikipita, natuma hapo hapo, na Ijumaa asubuhi mtakuwa na cheti."

Aliondoka. Kisosi alikiacha ukingoni mwa barabara, juu ya sanduku la barua, na Ghalib akakirudisha ndani.

*

Kulikuwa na jambo gumu kuliko kuziba, na Ghalib hakutaka kuanza kuziba kabla hajalimaliza. Kesho yake, wakati wa chakula cha mchana, alikwenda kituoni kumwambia mama mkwe mwenyewe.

Bi Mwatime alikuwa ameketi karibu na dirisha lisilofunguka, sahani ya viazi vya kupondwa ameisukuma mbali. Alikuwa amepungua. Leso yake, ambayo siku zote aliifunga kwa mikogo, ilikuwa imemlegea begani.

"Asalaam aleikum, mama."

"Waaleikum salaam, mwanangu. Umekula?"

"Nimekula."

"Mwongo. Keti."

Aliketi. Alizungusha kofia yake magotini, akaanza na hali ya hewa, akahamia foleni ya barabarani, mpaka bibi wa watu akachoka.

"Ghalib, uso wako wanena na mdomo wako wakimbia. Kuna nini? Wamekataa chumba?"

"Wamekataa matundu, mama. Ikiwa hayazibwi, hupewi ruhusa ya kulala. Nimekupa ahadi, na sasa nakuja kuivunja mbele yako." Akaanza kueleza haraka haraka. "Lakini kuna mashine ndogo ya kubadilisha hewa, yaleta safi yatoa chafu. Na dirisha lafunguka, si kama hili. Ukitaka hewa wapiga kelele tu, mimi naja nafungua, hata mara kumi..."

"Mimi sina shida na hewa."

Ghalib aliacha kuzungusha kofia.

"Ulisema wakosa pumzi."

"Nilisema. Ndilo nililoweza kusema." Aliivuta leso, akaikunja pembe, akaikunjua. "Mtu mzima kama mimi, na mvi hizi, nitakwambiaje naogopa?"

"Waogopa nini, mama?"

"Kimya."

Nje ya mlango mfanyakazi alipita akisukuma kigari, akatoweka.

"Kwangu Likoni," alisema Bi Mwatime, "nimelala chini ya matundu maisha yangu yote. Babake Fathiya afungua redio, nasikia. Jirani atukanana na mumewe, nasikia, na kesho nampa pole. Mtoto akohoa, nasikia. Hata nilipougua sikuwahi kulala nikajiona niko peke yangu. Hapa wafunga mlango, basi. Nasikia mtambo wa joto tu ukinguruma. Sasa na nyinyi mmenijengea nyumba nzuri, Mungu awalipe, lakini ni huko nyuma, uani. Nikasema moyoni, angalau pawe na tundu. Nimsikie Fathiya akiosha vyombo. Nijue watu wapo."

Ghalib alimhurumia sana. Mwezi mzima alikuwa akijiona mkwe bora kuliko wakwe wote wa Maryland, mtoboa ukuta kwa ajili ya mama, na kumbe hakuwa amemsikia hata kidogo. Jikoni ambamo Fathiya aliosha vyombo kulikuwa ng'ambo ya uani, nyuma ya kuta mbili. Angetoboa matundu mia, mama asingesikia kijiko.

"Usimwambie Fathiya," alisema Bi Mwatime. "Atalia."

"Nitamwambia, mama. Nimeshamficha mara moja, nimeona matokeo yake."

Bi Mwatime alimtazama, kisha kwa mara ya kwanza siku hiyo akacheka kidogo.

"Alikupigia makofi?"

"Moja tu."

"Basi amekusamehe. Angekuwa hajakusamehe yangekuwa matatu."

*

Jioni ile Ghalib alikata vipande vya mbao vya mviringo, akavipigilia kwenye matundu kimoja kimoja, akajaza povu la kuziba kuzunguka kila kipande. Fathiya alimshikia taa bila kusema naye. Alikuwa hajasema naye tangu jana, isipokuwa "chumvi" na "pisha". Ghalib alimweleza aliyoyasema mama akiwa amempa mgongo, juu ya ngazi, kwa sababu hivyo ilikuwa rahisi zaidi.

Mwanga wa taa ulishuka sakafuni. Alipogeuka, Fathiya alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, analia bila sauti.

"Mimi kazi yangu ni hiyo," alisema. "Kazini nikiona mzee asema maji, maji, na bilauri imejaa mbele yake, mimi najua hataki maji. Naketi naye. Mamangu mwenyewe amesema hewa, nikaamini ni hewa."

"Mimi niliamini zaidi. Nilichukua keekee nikatoboa."

Fathiya alicheka ndani ya machozi, akajifuta kwa mkono wa sare. Alitazama chumba, akatazama sebule ndogo iliyo mbele yake, na jiko lake la vyungu viwili.

"Tutahamia huku," alisema.

"Nani?"

"Mimi na wewe. Nitapika huku, nitaosha vyombo huku. Tutalala sebuleni."

Ghalib alishuka ngazi. Hili lilikuwa zito. Mkwe kulala ukuta mmoja na mama mkwe, akisikika akijigeuza, akisikika akienda chooni! Kwao hata kula sahani moja naye ilikuwa na mipaka.

"Fathiya, na adabu?"

"Kuna mlango katikati. Adabu ni mlango, Ghalib. Au waona ni uwanja mzima?"

Alifikiri. Aliusikia moyo wake ukisitasita, halafu akakumbuka ile leso iliyolegea begani.

"Tutahitaji godoro jembamba," alisema.

*

Alhamisi Kuria alikataa chai. Alisimamisha feni, akaiwasha, na nyumba haikupiga mluzi wowote. Ghalib na Fathiya walisimama sinkini bega kwa bega. Fathiya alikuwa akisoma dua kwa midomo tu. Kuria alikigonga kijisanduku chake kwa ukucha, akangoja, akakigonga tena, na muda huo wote Ghalib alikuwa ameshamwona mama mkwe akishika mkono wa shati la mtu mwingine, huko Virginia, na mtu huyo akiuchomoa.

"Mbili nukta nane," alisema Kuria. Alibonyeza simu yake mara kadhaa. "Na nimetuma. Imeenda."

Fathiya alimshika Ghalib mkono mbele ya mgeni, jambo asilolifanya kamwe.

"Bwana Kuria," Ghalib alisema. "Juzi nilikukosea. Nisamehe."

"Wachana na hiyo." Kuria alikuwa akikunja turubai. Alikunja, akakunjua, akakunja upya. "Lakini sasa kwa vile nimeshatuma... yale mahamri yako wapi?"

Alikula manne. Alipokuwa akila, Ghalib alimwonyesha ukuta wa ndani, ule uliotenga chumba na sebule, juu ya mlango.

"Na hapa je? Nikitoboa hapa?"

"Ndani kwa ndani? Toboa mpaka uchoke. Sheria inalinda nje tu. Ndani ni mambo yenu."

*

Ijumaa cheti kilifika asubuhi, na Bi Mwatime akafika baada ya swala, ndani ya gari la kubeba wagonjwa, leso kichwani imefungwa kwa mikogo. Alisukumwa hadi chumbani. Alitazama kila kitu bila haraka: vyuma, kitanda, pazia. Juu ya mlango aliona ubao wa nakshi umekaa mahali papya, na nyuma yake matundu yanayoelekea sebuleni.

"Na lile godoro la nini?" aliuliza.

"Letu," alisema Fathiya.

"Na nyumba kubwa mmemwachia nani?"

"Ngazi, mama. Tumeziachia ngazi zake."

Bi Mwatime aliguna. Alisema watu wazima wawili kulala chini ni upuuzi, wataumwa migongo, yeye hataki kulaumiwa. Alisema hayo yote, lakini hakusema waondoke.

Walikula wali na samaki wa nazi. Kisha Fathiya akamlaza mamake, akafunga mlango wa katikati, akaosha vyombo akivigonganisha kuliko ilivyohitajika. Ghalib alijinyoosha godoroni apumzishe mgongo dakika mbili tu. Hakuwa amelala vizuri tangu Jumatatu.

Aliamshwa na kiwiko cha mkewe mbavuni.

"Ghalib! Wakoroma! Mama akusikia, waniaibisha!"

Aliruka akaketi, uso unamwaka kwa haya. Mkwe mzima, siku ya kwanza, mchana kweupe! Alikuwa akitafuta maneno ya kuomba radhi kupitia mlangoni, maneno yasiyokuwapo katika lugha yoyote, sauti ya Bi Mwatime iliposhuka kutoka kwenye matundu ya juu ya mlango, nzito kwa usingizi.

"Fathiya. Umemwamshia nini mwenzio?"

"Akoroma, mama."

"Si nasikia? Nilikuwa naanza kulala." Kitanda kililia kidogo akijigeuza. "Mwache. Mwache akorome, nilale."

Fathiya aliziba mdomo kwa leso. Macho yake yalikuwa yamejaa. Ghalib alikuwa macho kabisa sasa, hana hata lepe la usingizi. Alijilaza chali, akafumba macho, akavuta pumzi, akaanza kukoroma kwa makusudi, taratibu, kwa uangalifu wa fundi, na hakuacha mpaka Fathiya aliposikiliza mlangoni na kumfanyia ishara kwamba mama amelala.